Bakteria na majitaka yenye sumu ya viwandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma na kanda ya kati

Maswali haya yamekusanywa kwa ajili ya wamiliki na mafundi wa viwanda vidogo na vya kati vya Dodoma, Singida na maeneo jirani: watengenezaji wa mvinyo, wakamuaji wa alizeti, wenye machinjio, watengenezaji wa ngozi na wachenjuaji wa dhahabu. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu matatizo yenyewe hayalingani kwa uzito.

Bakteria husafishaje maji ambayo yana uwezo wa kuua samaki?

Wanakula. Sukari, alkoholi, mafuta, damu, fenoli na misombo mingine mingi yenye kaboni ni chakula kwao, na kwa kutumia vimeng'enya vyao huivunja hadi ibaki hewa ya ukaa na maji au, pale pasipo na oksijeni, gesi ya methani. Sehemu ya chakula hicho hugeuka kuwa miili ya bakteria wapya, ambao hushikamana katika mabonge madogo ya rangi ya kahawia yanayotua chini ya tangi. Faida kubwa iko hapo: uchafu uliokuwa umeyeyuka, usioweza kunaswa kwa chujio la mchanga wala la kitambaa, sasa umekuwa tope linaloweza kutolewa.

Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett wa Manchester, Uingereza, walionyesha jinsi ya kuharakisha kazi hiyo. Walipuliza hewa katika majitaka, wakaacha tope litue, wakamwaga maji ya juu, kisha wakaongeza majitaka mapya juu ya tope lilelile. Kila walipolirudia zoezi hilo idadi ya bakteria iliongezeka, na kazi iliyochukua wiki kadhaa mwanzoni ikawa inakamilika katika muda usiozidi siku moja. Njia hiyo, ambayo mafundi wetu huiita tope hai, bado ndiyo inayotumika katika miji mingi duniani.

Je, bakteria wanaweza kuondoa kila aina ya sumu?

Hapana, na anayedai kwamba wanaweza anauza kitu. Sumu za viwandani zinafaa kugawanywa katika makundi matatu kabla ya kuzungumzia mtambo wowote.

Kundi la kwanza ni uchafu unaooza wenyewe: sukari ya zabibu, damu, mafuta, wanga. Huu huitwa sumu kwa sababu tu ukiingia mtoni au bwawani bakteria waliomo humaliza oksijeni yote wakiula, na samaki hufa kwa kukosa pumzi. Kundi la pili ni kemikali ambazo ni sumu hata kwa bakteria wenyewe zikiwa nyingi, lakini wapo waliozoea kuzila zikiwa kidogo. Fenoli huliwa na Pseudomonas putida. Sianidi huvunjwa na aina kadhaa za Pseudomonas. Amonia hugeuzwa nitrati na Nitrosomonas wakisaidiana na Nitrobacter. Kundi la tatu ni metali nzito kama kromiamu, risasi, kadimiamu na zebaki. Hizi haziliwi, haziozi na hazitoweki. Bakteria wanaweza kuzibadili umbo, kuzifanya zigande na kutua, au kuzishika katika kuta za miili yao, lakini kilo moja ya risasi iliyoingia mtamboni itatoka ikiwa kilo moja ya risasi, ama katika maji ama katika tope.

Metali zinapohusika hutumika sana bakteria wapunguzao salfeti, kama Desulfovibrio. Hawa huishi bila oksijeni na hugeuza salfeti kuwa salfaidi, nayo salfaidi ikikutana na zinki, shaba au kadimiamu hutengeneza chembe zisizoyeyuka. Kiwanda cha zinki cha Budel nchini Uholanzi kimetumia njia hiyo tangu mwaka 1992 kusafisha maji ya ardhini yaliyochafuliwa na zinki na salfeti. Ni teknolojia iliyothibitika, ingawa inahitaji usimamizi ambao kiwanda cha watu kumi hakiwezi kuumudu.

Kwa nini suala hili ni zito zaidi Dodoma kuliko mahali penye mito mikubwa?

Kwa sababu hapa hakuna mto wa kuyachanganya majitaka hayo na maji mengi. Mvua ya Dodoma ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki makorongo ni mchanga mtupu, na maji yanayomwagwa korongoni hayaendi popote: yanazama au yanakauka na kuacha sumu juani. Wakati huohuo sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka katika visima vya Makutupora, na vijiji vingi hutegemea visima virefu na vifupi. Maji ya ardhini yakishachafuliwa na nitrati au kromiamu, kuyasafisha ni kazi ya miaka mingi.

Ni vyema pia kujua bonde unalomwagia. Maji ya upande wa jiji hufuata mto wa msimu wa Kinyasungwe kuelekea mto Wami; ya upande wa Bahi huishia katika mbuga ya Bahi isiyo na njia ya kutokea baharini, ambako kila kinachoingia hubaki; na ya kusini huteremka kuelekea bwawa la Mtera. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni bodi gani ya maji ya bonde utakayoiomba kibali.

Sheria inataka maji yafikie kiwango gani?

Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinataka majitaka yanayoingia katika mazingira yawe na mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia (oksijeni ambayo bakteria hutumia kula uchafu uliomo), yanayopimwa kwa siku 5 katika nyuzi 20, yasiyozidi miligramu 30 kwa lita. Mahitaji ya oksijeni ya kikemikali (oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali, hata ule usioliwa na bakteria) yasizidi 60, chembe zinazoelea zisizidi 100, na pH, kipimo cha uchachu, iwe kati ya 6.5 na 8.5. Kromiamu yote isizidi miligramu 1 kwa lita, na ile ya aina ya sita, iliyo hatari zaidi, isizidi 0.1. Pamoja na hayo, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka mwenye kiwanda awe na kibali cha kutiririsha majitaka.

Ukiunganishwa na mtandao wa majitaka wa DUWASA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya Dodoma, unachotakiwa kutimiza kwanza ni masharti ya mamlaka hiyo. Hata hivyo usifikiri umemhamishia mtu mwingine tatizo, kwa sababu mabwawa ya jiji, kama yale ya Swaswa, nayo yanafanya kazi kwa bakteria na mwani, na sumu iliyowashinda bakteria wako itawashinda na wale.

Nianzie wapi kabla ya kumwita mkandarasi?

Anza kwa kupima. Inashangaza kuona watu wakichimba shimo la mamilioni ya shilingi kwa ajili ya maji ambayo hayajawahi kufika maabara. Sampuli moja iliyochotwa saa nne asubuhi haitoshi, kwa sababu maji ya kiwanda hubadilika kila saa: asubuhi ni ya kuoshea sakafu, mchana ni ya uzalishaji, jioni ni soda kali ya kusafishia matangi. Chukua sampuli kila baada ya saa moja au mbili kwa siku nzima ya kazi, pima wingi wa maji yanayopita kila saa, na ufanye hivyo katika msimu wa kazi nyingi na msimu wa kazi kidogo. Omba maabara ipime mahitaji ya oksijeni ya aina zote mbili, pH, naitrojeni, fosforasi, chumvi, mafuta, na metali yoyote inayotumika kiwandani kwako.

Linganisha namba mbili za mahitaji ya oksijeni. Ile ya kibayolojia ikiwa nusu ya ile ya kikemikali au zaidi, bakteria watayaweza maji hayo bila shida kubwa. Ikiwa sehemu ya kumi tu, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya uchafu hauliwi, au kuna kitu kinachowaua walaji. Katika hali hiyo mtambo wa bakteria peke yake haufai.

Kisha pita kiwandani ukiuliza ni nini kinachoweza kuzuiwa kisifike mfereji kabisa. Uchafu usioingia majini hauhitaji bakteria.

Nimeona chupa za bakteria zinazouzwa, za kumwaga tu kwenye shimo. Zinafaa?

Mara chache. Bakteria wanaofaa huja wenyewe mahali penye chakula, joto na hewa inayowafaa, na mahali pasipo na masharti hayo hata chupa mia hazitawaweka hai. Zinaweza kusaidia kuanzisha mtambo unaohusika na kemikali isiyo ya kawaida, lakini muuzaji asiyeuliza swali hata moja kuhusu maji yako hajui kama bidhaa yake itafanya kazi.

Kipi ni bora: mtambo wa kupuliza hewa au ule usiotumia hewa?

Inategemea ukali wa maji, na katika viwanda vingi vya hapa jibu ni vyote viwili kwa kufuatana. Maji makali sana huanzia katika tangi lililofunikwa lisilo na hewa, kwa sababu huko hakuna gharama ya kupuliza, tope linalozalishwa ni kidogo, na kila kilo ya mahitaji ya oksijeni ya kikemikali inayoondolewa hutoa takriban mita za ujazo 0.35 za methani. Lakini bakteria wa tangi hilo hawawezi kufikia kiwango cha sheria peke yao. Maji yanayotoka humo, yakiwa tayari yamepungua ukali, hupelekwa kwenye tangi la hewa, bwawa au bustani ya matete ili kumaliziwa.

Kuna jambo ambalo michoro inayoletwa kutoka pwani mara nyingi hulisahau. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 yaliyo pwani yanaweza kubeba miligramu 8 na zaidi kidogo za oksijeni kwa lita. Hapa hayazidi 7.2 au 7.3. Hewa yenyewe ni nyepesi, hivyo pampu ileile husukuma oksijeni pungufu. Kwa kuwa bakteria wa tope hai wanahitaji kama miligramu 2 kwa lita muda wote, pampu iliyokuwa ikitosha Tanga inaweza kupungukiwa ikiletwa Kizota au Nala.

Kiwanda chetu ni cha mvinyo. Kuna jambo la pekee tunalopaswa kujua?

Yapo matatu, na yote hutokana na zabibu zenyewe.

La kwanza ni msimu. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na katika wiki za mavuno na kukamua majitaka huwa mengi na makali, kisha miezi hupita maji yakiwa kidogo. Bakteria hawapendi shibe ya ghafla baada ya njaa ndefu. Tangi la kusawazisha, yaani tangi kubwa linalopokea maji yote na kuyaachia kidogokidogo, ni la lazima hapa kuliko mtambo wenyewe, na kabla ya mavuno inafaa kuwalisha bakteria kwa kiasi kinachoongezeka siku hadi siku ili idadi yao ipande kabla mzigo haujafika.

La pili ni uchachu. Majitaka ya mvinyo kwa kawaida huwa na pH ya 3 hadi 5, ambayo bakteria wengi hawaivumilii. Chokaa au magadi huyarekebisha, lakini yaongezwe taratibu kwa kufuata kipimo na si kwa beleshi.

La tatu husahauliwa zaidi: maji haya yana sukari na alkoholi tele lakini yana naitrojeni na fosforasi kidogo, na bakteria hawawezi kujenga miili yao kwa sukari peke yake. Kanuni ya kawaida kwa mtambo wa hewa ni sehemu 100 za mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia, 5 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Chukua kiwanda kinachotoa mita za ujazo 20 kwa siku zenye miligramu 5,000 kwa lita: huo ni mzigo wa kilo 100 kwa siku, unaohitaji kilo 5 za naitrojeni na kilo 1 ya fosforasi. Kama maji hayana naitrojeni wala fosforasi kabisa, kilo 5 za DAP na kilo 9 za urea zinatosha, mbolea ambazo kila duka la pembejeo linazo. Zikikosekana, bakteria hutoa ute, tope hukataa kutua, na fundi huhangaika kutafuta hitilafu kwenye pampu isiyo na kosa. Mtambo usiotumia hewa unahitaji kiasi kidogo kuliko hicho, kwa kuwa bakteria wake hukua polepole.

Makapi ya zabibu na mashapo ya mvinyo yasioshewe mferejini. Yakitolewa kwa koleo na kupelekwa kwenye mboji, mzigo wa mtambo hupungua sana bila gharama yoyote.

Na machinjio?

Kinga damu. Damu ambayo haijachanganywa na maji ina mahitaji ya oksijeni ya kikemikali yanayofikia takriban miligramu 375,000 kwa lita, mara maelfu zaidi ya kinachoruhusiwa kutoka. Mfereji tofauti wa damu chini ya mahali pa kuning'iniza ng'ombe, wenye tangi lake, una thamani kuliko mita nyingi za bwawa. Mafuta nayo yanaswe kwenye mtego kabla ya kuingia mtamboni, maana huwafunika bakteria na kuwaelesha juu ya maji. Vilivyomo tumboni mwa ng'ombe vitolewe vikiwa vikavu. Vitakuwa na kazi nyingine, kama itakavyoonekana hapa chini.

Tunachenjua marudio, yaani mchanga wa dhahabu uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza, kwa sianidi. Bakteria wanaweza kutusaidia?

Wanaweza, na ushahidi mzuri upo. Mgodi wa dhahabu wa Homestake, mjini Lead katika jimbo la South Dakota, Marekani, ulianza mwaka 1984 kusafisha maji yake kwa mitambo 48 ya sahani zinazozunguka, nusu zikiwa majini na nusu hewani, huku bakteria wakiwa wameota juu yake kama utando. Bakteria hao walivunja sianidi na thiosianati hadi zikawa amonia na hewa ya ukaa, wengine wakageuza amonia kuwa nitrati, na metali zikanaswa katika utando. Maji yaliyotoka yaliingia kijito cha Whitewood.

Kabla ya mchenjuaji wa Manyoni au Ikungi kufurahi, azingatie mambo yafuatayo. Bakteria wale walizoeshwa kwa muda mrefu, na maji waliyopewa yalikuwa na sianidi kidogo, si mchanganyiko unaotoka moja kwa moja kwenye vati, yaani tangi la kuchenjulia. Sianidi iliyoungana na chuma ni ngumu mno kuvunjika, ingawa mwanga wa jua huiachia polepole ikawa sianidi huru tena. Amonia inayozaliwa nayo ni sumu kwa samaki, kwa hiyo kusimamia hatua ya kwanza na kuiacha ya pili ni kubadili sumu kwa sumu.

La hatari kuliko yote ni pH. Vati huendeshwa kwa chokaa ili pH ibaki juu ya 10, na sababu yake si dhahabu peke yake: pH ikishuka kufikia 9.2, nusu ya sianidi huru tayari iko katika umbo la haidrojeni sianidi, ambayo huruka hewani na kuua. Kwa kuwa bakteria hupenda pH ya chini zaidi ya ile ya vati, wapo watu ambao hufikiri wamwage asidi kidogo ili kuwasaidia. Jambo hilo lisifanyike kamwe. Njia salama kwa mchenjuaji mdogo ni kurudisha maji yenye sianidi vatini yatumike tena, kuharibu mabaki kwa kemikali chini ya uangalizi wa mtaalamu, na kuwaachia bakteria sehemu ya mwisho tu, katika bwawa lenye sakafu isiyopitisha maji na uzio unaozuia mbuzi na watoto.

Vipi kuhusu zebaki?

Zebaki isipelekwe kwa bakteria kabisa. Ni kweli kwamba wapo bakteria wenye kinasaba kinachowawezesha kugeuza zebaki iliyoyeyuka kuwa mvuke wa zebaki, na kwamba Ujerumani wamewahi kuwatumia kusafisha majitaka ya viwanda vya klorini. Lakini huko zebaki ilinaswa ndani ya matangi yaliyofungwa. Katika bwawa la wazi, tope lisilo na hewa lina bakteria wengine, wakiwamo wapunguzao salfeti, ambao huigeuza kuwa methili zebaki, na hiyo hujikusanya katika samaki hadi kwa mlaji. Ndiyo iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Zebaki idhibitiwe pale mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, na kwenye kuchoma, kwa kutumia chombo kinachonasa mvuke wake.

Kiwanda cha ngozi kinaweza kutegemea bakteria?

Kwa nusu ya kazi, ndiyo. Damu, nywele na mafuta ya ngozi huliwa vizuri. Kromiamu inayotumika kusindika ngozi ni ya aina ya tatu, ambayo hugandishwa kwa chokaa au magnesi oksaidi na inaweza kurudishwa kazini, kwa hiyo mfereji wake ujengwe peke yake tangu mwanzo. Kromiamu ya aina ya sita, inayopatikana zaidi katika kazi za kupaka metali, inaweza kugeuzwa na aina za Bacillus na Pseudomonas kuwa ya aina ya tatu na kutua. Tahadhari kubwa zaidi ni hii: maji ya kuondolea nywele yana salfaidi, na ya hatua za baadaye yana asidi. Yakikutana katika shimo moja hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo imeshaua wafanyakazi wa viwanda vya ngozi katika nchi nyingi.

Mtambo huchukua muda gani hadi ufanye kazi, na bakteria wa kwanza hutoka wapi?

Tangi la hewa huweza kukomaa kwa wiki mbili hadi nne. Lile lisilotumia hewa huhitaji miezi miwili au mitatu, wakati mwingine zaidi, kwa sababu bakteria watengenezao methani huchukua siku kadhaa kuongezeka maradufu, ilhali wale wa sukari hufanya hivyo kwa saa chache. Mbegu bora ni tope kutoka mtambo unaofanya kazi kwenye maji yanayofanana na yako. Lisipopatikana, tumbo la ng'ombe ni mtambo kama huo uliokwisha kujengwa: cheu mbichi kutoka machinjioni na samadi ya siku hiyo, vikichujwa majani marefu, huleta karibu kila kinachohitajika.

Usilishe kwa pupa. Bakteria watengenezao asidi wako haraka kuliko wanaoila asidi hiyo, na mzigo ukizidi pH hushuka chini ya 6.5, methani hukoma, na tangi zima huchacha. Baridi nayo huhesabika. Usiku wa Juni na Julai joto la Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 hivi, wakati bakteria wa methani hupenda 30 hadi 38. Tangi lililofukiwa ardhini hupoa kidogo kuliko lililosimama nje, na kuanzisha mtambo mwezi Oktoba ni rahisi kuliko kuuanzisha Juni.

Nitajuaje kwamba bakteria wangu wako katika hali nzuri, bila kupeleka sampuli maabara kila siku?

Tumia silinda ya kioo ya lita moja na saa. Chota maji ya tangi la hewa wakati pampu inafanya kazi, yajaze hadi juu, weka silinda mahali pasipotikisika na penye mwanga, kisha uangalie kwa dakika 30 bila kuondoka. Tope lenye afya lina rangi ya kahawia kama udongo uliolowa na harufu ya shamba baada ya mvua. Katika dakika tano za kwanza chembe hukutana, hukua na kuwa mabonge, na mpaka ulionyooka huonekana ukishuka, huku maji ya juu yakiachwa maangavu kiasi cha kusoma gazeti lililowekwa nyuma yake. Mwisho wa nusu saa tope likiwa limejaza mililita 200 hadi 300, kazi inakwenda vizuri.

Likibaki limejaza mililita 800 huku maji ya juu yakiwa maangavu, shuku bakteria wa nyuzinyuzi, ambao huongezeka kukiwa na upungufu wa hewa au wa naitrojeni. Maji ya juu yakiwa na ukungu na mabonge yakikataa kuungana, shuku sumu iliyopita karibuni: uliza zamu ya usiku walimwaga nini. Tope jeusi lenye harufu ya uvundo halina hewa. Tope likitua vizuri kisha likainuka lote baada ya saa moja au mbili, likiwa na vipovu, ni nitrati inayogeuka gesi, na dawa yake ni kulirudisha tope haraka zaidi. Andika matokeo kila siku katika daftari moja, kwa sababu namba ya leo bila ya jana haisemi mengi.

Umeme ukikatika?

Kwa saa moja au mbili hakuna madhara makubwa. Baada ya nusu siku tope la tangi la hewa huanza kuoza. Punguza maji yanayoingia, yashikilie kwenye tangi la kusawazisha, na umeme ukirudi puliza hewa kwanza kabla ya kulisha. Mabwawa na matangi yasiyotumia hewa hayajali.

Bakteria hawa ni hatari kwa wafanyakazi?

Wengi wao si wa magonjwa, ingawa majitaka ya machinjio na vyoo yana vimelea, hivyo glavu, buti na sabuni ni vya lazima. Kinachoua ni gesi. Haidrojeni salfaidi hunuka ikiwa kidogo, lakini ikiwa nyingi hulemaza pua, na mtu hudhani imekwisha. Mtu asishuke katika shimo au tangi la majitaka bila kupima hewa, kuingiza hewa safi na kuwa na mwenzake juu aliyeshika kamba. Anayezimia ndani asifuatwe na mtu asiye na kifaa cha kupumulia. Vifo vingi vya mashimoni huwa vya wawili au watatu kwa sababu hiyo.

Tope linalotolewa liende wapi?

Swali hili liulizwe kabla ya kujenga. Mtambo wa hewa hugeuza karibu nusu ya uzito wa uchafu kuwa tope, na hilo halina budi kutolewa kila mara. Jua la Dodoma ni msaada: vitanda vya mchanga vya kukaushia hufanya kazi nzuri kwa miezi mingi ya mwaka. Tope la mvinyo, alizeti au machinjio, likishakaushwa na kuozeshwa vizuri, linaweza kuwa mboji. Tope lenye kromiamu, risasi au mabaki ya sianidi ni taka hatarishi, na lihifadhiwe, lisafirishwe na kuzikwa kwa kibali. Usiyachanganye mawili hayo, maana tani moja ya tope lenye metali huharibu tani kumi za mboji.

Maji yakishasafishwa, tunaweza kumwagilia mizabibu?

Ikiwa vipimo vimefikiwa na hakuna metali, inawezekana, na katika nchi kavu kama yetu ni busara kuliko kuyamwaga. Mwagilia kwa mfereji au matone chini ya shina, si juu ya majani na matunda. Jambo la kuchunguza zaidi ni chumvi, ambayo bakteria hawaiondoi hata kidogo. Soda inayosafishia matangi huacha sodiamu, na maji yanapokauka bwawani chumvi hubaki na kuzidi ukali. Sodiamu nyingi hufunga udongo wa mfinyanzi hadi maji yakakataa kupenya, na mvua yetu haitoshi kuiosha. Ndiyo sababu viwanda kadhaa vya mvinyo duniani vimehamia kwenye sabuni za potasiamu badala ya sodiamu, na badiliko hilo hufanyika katika orodha ya manunuzi ya stoo, miezi mingi kabla maji hayajafika shambani. Pima chumvi ya maji mwanzoni mwa kila msimu wa kumwagilia na ya udongo mwishoni mwake, katika kina cha mizizi.